Sufi ya Ngamia

Mwenzangu mmoja wa ofisini, pale Mtumba kwenye mji wa serikali Dodoma, amerudi kutoka masomoni Ulaya na koti. Si koti la mchezo. Refu hadi magotini, rangi ya kahawia iliyopauka, na amelivaa wiki nzima huku sisi wengine tukijipepea kwa mafaili. Tumemtania mpaka tumechoka wenyewe. Juzi mvua ikamkuta akitoka kantini, akaingia nalo limelowa, akalitundika nyuma ya mlango karibu na meza yangu. Haukupita muda harufu ikanifikia. Ilikuwa harufu ya mnyama aliyenyeshewa, nzito kidogo, na ndani yake kama majani makavu. Nikaacha kuandika. Nikainuka, nikafunua kola kutafuta kile kikaratasi cha ndani, nikasoma. Nywele za ngamia.

“Unataka kulijaribu?” akaniuliza.

“Nataka kulinusa,” nikamjibu, na kweli nikalinusa, uso wote ndani, mtu mzima na cheo changu. Walicheka. Nami nikacheka, halafu machozi yakanitoka, ikabidi nisingizie mafua. Ningewaelezaje pale, kati ya kompyuta na dokezo la kupeleka kwa mkurugenzi, kwamba kuna mwanamume anatembea duniani leo, ana ndevu na anajifanya ameshazeeka, kwa sababu ya nywele kama hizo?

Nitawaeleza nyinyi basi, mliokua wakati wangu, mnaojua maana ya kulala watatu kwenye ngozi moja ya ng'ombe.

Tulikuwa tunaishi Haneti, kwenye tembe ya bibi mzaa baba. Watu wa mbali wakisikia Dodoma wanawaza jua na vumbi tu. Jamani, njooni Haneti wakati wa kipupwe! Upepo unashuka kutoka kwenye vilima tangu mchana, unapenya kwenye matundu ya ukuta, unazima hadi jiko. Ukiamka asubuhi midomo imepasuka na uji wa uwele unapoa kabla hujaumaliza. Baba hakuwepo, alikuwa Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, akija nyumbani kazi zikipungua. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Bibi, mama na mimi, na Bibi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwa kila kitu, kuanzia chumvi ya mlenda hadi nani aoe nani.

Mama alikuwa mjamzito. Mimi nilikatazwa kulitaja jambo hilo kwa watu, na nilijua sababu, maana baada yangu alikuwa amezaliwa mtoto mwingine akaondoka hata jina hajapewa. Alizikwa nyuma ya zizi. Bibi hakuruhusu ndama apite pale, wala sisi watoto kucheza pale, na mama alipokwenda kuokota kuni alizunguka upande wa pili.

Basi mdogo wangu naye akaja kabla ya wakati wake, katikati ya kipupwe, mdogo kiasi kwamba nilipofunuliwa nimwone nilidhani bado wanaendelea kumtoa. Zahanati walimkalisha mpaka akajua kunyonya, wakamruhusu arudi nyumbani kwa masharti. Nesi alikuja naye mpaka mlangoni akayarudia mbele ya Bibi. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, mama na Bibi wapokezane. Hiyo aliiita njia ya kangaruu. Mimi nikajua Kangaruu ni jina la daktari aliyeianzisha, nikamheshimu sana.

“Huyu hatauawa na njaa,” nesi alisema, na hakuzunguka. “Kinachoweza kumwondoa ni baridi. Mgongo usipigwe na upepo, miguu isipoe. Mkimwona hanyonyi, mleteni mbio.”

Na miguu ilipoa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kazi yangu ilikuwa kumshika miguu, na ilikuwa ya baridi kama chura wa mtungini. Kanga hazikufaa kitu. Blanketi letu lilikuwa lile la kijivu lenye mistari, zito, likimwangukia anahema kwa shida, wakimpunguzia anapoa. Mama alikuwa akimkumbatia, akijikunja juu yake mpaka shingo ikakakamaa. Bibi alikuwa akimchukua, anaimba kidogo kwa Kigogo, halafu ananiangalia mimi.

“Miguu?”

“Ya baridi, Bibi.”

“Isugue.”

Siku moja akaja Bi Zuwena. Huyu alikuwa mjane mwenye duka pale barabarani, Mrangi wa Kondoa, aliyeolewa na Mzee Salim ambaye babu zake walitoka Arabuni. Mzee Salim alikuwa amefariki mwaka uleule. Sisi watoto tulimkumbuka kwa jambo moja. Kila kipupwe alivaa juu ya kanzu joho la kahawia, pana, lenye nakshi za uzi wa dhahabu shingoni, akakaa nalo dukani akipima sukari kama mfalme. Yeye mwenyewe aliliita bushuti. Lilikuwa la baba yake kabla yake. Na sasa Bi Zuwena alikuwa anaingia kwetu akiwa amelikunja kichwani.

“Mbukwenyi,” akasalimia, maana Kigogo alikijua kuliko alivyokubali.

“Mbukwa,” akajibu Bibi. Ndani mlikuwa na wanawake wa jirani waliokuja kumwona mzazi, wakasogea kumpisha.

“Nimemletea mtoto kitu cha kujifunika. Ni jepesi, mama yangu, lakini joto lake linashinda blanketi mbili.”

Bibi hakunyoosha mkono. “Hilo si la marehemu?”

“Ndilo.”

“Zuwena, mimi nakuheshimu. Wewe ni jirani yangu. Lakini nguo ya marehemu haitamfunika mtoto ambaye bado hajaamua kama anakaa. Humu tumeshazika.”

Wanawake wakaangalia chini. Mama hakusema neno, kwa jambo kama lile mkwe hasemi mbele ya mama mkwe, lakini macho yake yalilifuata lile bushuti mpaka likatoka mlangoni. Nami nikalifuata kwa miguu, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kufuata mambo, na hakuna aliyenikataza.

Bi Zuwena hakulia wala hakununa. Alifika kwake, akaniketisha kwenye gunia la mchele, akakaa mkekani, akaanza kufumua ile nakshi ya dhahabu kwa sindano, taratibu, uzi baada ya uzi, akaikunja kwenye mkebe wa majani ya chai.

“Umemkasirikia Bibi?” nikamuuliza.

“Nimkasirikie kwa lipi? Bibi yako anaogopa. Hata mimi ningeogopa.”

Akachukua mkasi. Akalishika lile bushuti kwa mikono miwili, akalifunika usoni, akakaa hivyo mpaka nikaanza kuona haya kumwangalia. Halafu akalishusha, akasema bismillahi, akakata.

“Unalikata! Si la Mzee Salim?”

“Salim hana baridi tena, mwanangu,” akasema, na mkasi ukaendelea.

Alinipa kipande nikishike. Wee! Sijawahi kushika kitu kama kile. Nilitegemea uzito nikakuta hakuna uzito, na kabla sijamaliza kukigeuza viganja vyangu vilishapata joto. Nikauliza kimetengenezwa kwa nini.

“Sufu ya ngamia,” akasema.

Sasa hapa inabidi mnielewe. Sufu sikuijua. Kondoo wa kwetu wana nywele fupi tu, hakuna aliyewahi kuwanyoa wala kuwafumia nguo, kwa hiyo neno lenyewe sikuwa nimelisikia hata siku moja. Lakini sufi? Sufi niliijua vizuri! Uwanja wa kanisa ulikuwa na msufi mkubwa, matunda yake yakipasuka tunakwenda na vikapu kuokota, na mito ya nyumba nzima ilijazwa nayo. Basi nikasikia sufi. Na ngamia pia sikumjua. Nilichojua ni kwamba vitu vizuri huitwa kwa mahali vilikotoka, zabibu za Makutupora, asali ya Kondoa. Kwa hiyo nikapata picha kamili. Sufi ya Ngamia. Ngamia ni mji, huko mbele ya Kondoa, na misufi yake ni ya kahawia.

Maskini Bi Zuwena, kila alichoniambia kiliniongezea uhakika.

“Inakatwa?” nikauliza.

“Haikatwi. Joto likifika inapukutika yenyewe. Watu wanapita wanaokota chini.”

Sawasawa na uwanja wa kanisa. “Halafu?”

“Halafu wanachambua. Ile ya juu ni ngumu, wanaitoa wanafanyia kamba. Ya ndani ndiyo hii, laini. Hawaipaki hata rangi, hiyo ndiyo rangi yake.”

Ya juu ngumu, ya ndani laini. Nilimwona huyu mama ananifundisha jambo ambalo tayari nalijua, nikatikisa kichwa kama mtu mzima. Alipanga vipande viwili kimoja juu ya kingine, akavishona mfuko mdogo wenye mdomo wa kufungia kwa kamba, kisha akaufunika wote, ndani na nje, kwa kitambaa cheupe kipya alichokikata kwenye jora la dukani. Kahawia haikuonekana popote. Aling'ata uzi, akauweka mfuko begani, akaniambia twende.

Tulikuta mambo yamebadilika. Wanawake walikuwa wamesimama, wanabishana kama atafika zahanati hai kwenye upepo ule. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya, mama anamwekea titi mdomoni na titi linatoka. Bibi alikuwa amemshika miguu, yeye mwenyewe, kwa mikono yote miwili, anaisugua.

Bi Zuwena akauweka mfuko mapajani mwake.

“Nini hiki?” akauliza Bibi.

“Kifuko cha mtoto. Nimekishona sasa hivi.”

“Ndani kuna nini?”

Bi Zuwena akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mwanamke wa swala tano, hakuzoea uongo. Mimi nikamshangaa. Kitu kidogo kama hicho, nimetoka kuelezwa, na yeye keshasahau! Nikajitosa.

“Ni sufi, Bibi! Sufi ya Ngamia!”

Bibi akanigeukia. “Sufi ya wapi?”

“Ya Ngamia. Huko mbali, kwa babu zake Mzee Salim. Joto likifika inapukutika yenyewe, watu wanaokota chini. Ya juu ngumu, ya ndani laini. Nimeishika mwenyewe kwa mikono yangu.”

Bibi akamtazama Bi Zuwena. “Sufi, Zuwena?”

“Kama mtoto alivyosema,” akajibu Bi Zuwena, sauti ndogo.

Bibi akakiminya kile kifuko. Akapitisha vidole kwenye mshono, polepole, akakiinua puani. Nami nilikuwa nimesimama pale kifua mbele, shahidi mwenye hakika.

“Kama ni sufi, hakuna neno,” akasema. “Sufi hata mimi naitumia.”

Akamtia mdogo wangu mle ndani kwa mikono yake, akamfunga kamba, akamrudisha kifuani kwa mama. Akaniambia nishike miguu kwa kupitia kitambaa. Nikashika. Nikashika tena. Sijui ilichukua muda gani, mimi nakumbuka tu kwamba moto kule jikoni ulikuwa umeshawashwa kwa ugali wa jioni niliposikia chini ya viganja vyangu joto ambalo halikuwa langu.

“Bibi, imepata moto!”

Mama akamwekea titi. Akalikamata. Alinyonya mpaka tukamsikia anavyomeza, na mama akaanza kulia kwa sauti, analia anacheka, na wanawake wale wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakashtuka zizini. Bi Zuwena alikuwa ameegemea ukuta, kanga mdomoni. Bibi hakupiga kigelegele. Alitoka nje, akakaa huko kwenye upepo, akarudi macho mekundu akasema ni moshi.

Aliishi humo ndani ya kile kifuko kipupwe chote, na akapewa jina, Amosi. Kitu kile kilikuwa cha ajabu, akitoka jasho hakikumganda, akipoa nje hakikumwacha. Kasoro yake ilikuwa moja. Amosi akikojoa, nyumba nzima inanuka kama zizi limenyeshewa. Mama aliona aibu kwa wageni. Bibi alikuwa anakigeuza juani, anasema kwa sauti kila mtu asikie, “Sufi ya huko ina harufu kali kweli!”

Amosi alipoanza kukijaza kifuko, mimi nikaona hatari. Mtoto anakua, sufi ni ileile. Nikaenda barabarani kungoja basi la Kondoa, likasimama, nikamwita konda kwa adabu zote nilizofundishwa.

“Shikamoo. Basi la kwenda Ngamia linapita saa ngapi?”

Yule kaka alishikilia mlango asianguke. “Oyaa, sikieni! Dada hapa anasubiri basi la Ngamia!” Basi zima likacheka, dereva naye akazima injini apate kucheka vizuri. Akina mama wa dirishani walikuwa wanafuta machozi. Konda alishuka, akachora vumbini kitu chenye shingo na nundu, akaniambia huyo ndiye ngamia, na kwamba hapa Haneti bado hajaanza kupakia abiria. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamshtaki kwa Bibi.

“Anasema Ngamia ni mnyama!”

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Alipepeta kidogo. “Achana naye,” akasema. “Watu wa magari wanajua nini?”

Nikaridhika kabisa. Mpaka nilipofika darasa la juu, mwalimu akatundika picha ukutani. Shingo ileile, nundu ileile. Nywele zilikuwa zinamdondoka ubavuni, zimening'inia kama matambara, za kahawia. Niliitazama ile picha mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa. Ndipo nilipoelewa yote kwa mpigo, sufu na sufi, na Bi Zuwena alivyofungua mdomo akaufunga, na kwamba mdogo wangu alilelewa ndani ya nguo ya marehemu, na kwamba aliyemwambia Bibi vingine ni mimi. Amosi wakati ule alikuwa anakimbiza kuku uani. Nikaamua sitasema. Niliogopa kwamba nikisema, kitu kitafumuka.

Na sikusema miaka yote. Bi Zuwena alipofariki, Bibi alifika msibani kabla ya ndugu waliotoka Kondoa, akaingia jikoni kwa wapishi, akachambua mchele wa watu mpaka tanga likaisha, mwanamke wa kanisani kabisa, ushungi kichwani kwa heshima ya wenyewe. Watu walisema Bibi ana roho nzuri. Mimi nilifikiri, laiti ungejua unamlilia nani.

Jumamosi iliyofuata siku ile ya ofisini nikaenda Haneti. Bibi bado yupo, Mungu ni mwema, ingawa macho yamepungua. Nilimkuta mkekani na kapu la karanga. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kumenya naye. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado maneno yalitoka kama ya mtoto.

“Bibi, ile ya Amosi haikuwa sufi.”

Akaendelea kumenya. “Ilikuwa nini?”

“Nywele za mnyama. Lilikuwa lile bushuti la Mzee Salim. Bi Zuwena alilikata.”

Bibi akacheka. Alicheka mpaka karanga zikamwagika mapajani. “Mjukuu wangu! Mimi nimechunga mbuzi tangu sijajua kujifunga nguo. Unadhani vidole hivi havijui nywele za mnyama? Na ile harufu yake akikojoa, wee!”

“Ulijua?”

“Nilijua kabla sijakinusa.”

“Sasa mbona ulikubali?”

Akaacha kucheka. Akapapasa mkeka, anaziokota karanga zilizomwagika, moja moja.

“Nilishasema hapana mbele ya watu. Zuwena alipotoka na lile joho nikamshika mtoto miguu, nikajua nimemuua kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikataka kumwita arudi. Mdomo haukufunguka. Wewe hujui, ukiwa mkubwa wa nyumba neno lako likitoka linakaa mlangoni, hata wewe mwenyewe hupiti. Nilikaa pale naomba Mungu alete mtu aniambie ni kitu kingine. Chochote. Ukaingia wewe na Ngamia yako.”

“Na Bi Zuwena? Alijua kuwa unajua?”

“Tuliangaliana. Akajua. Hatukuligusa tena mpaka naosha vyombo vya msiba wake.”

Nikamshika mkono wenye maganda ya karanga. “Ahsante, Bibi.”

“Usinishukuru mimi,” akasema. “Watu wazima wote mle ndani tulikuwa tunadanganyana. Ni wewe tu uliyekuwa unasema kweli.”